Vijiko vya Twiga na Makoti ya Kaloleni

Kufikia mwaka ule hakukuwa na kitu duniani ambacho kingenishangaza, na nilikuwa nikiwaambia watu hivyo hata bila kuulizwa. Nilikuwa na miaka thelathini na tisa. Shule niliiacha darasa la nne, karo ilipokwisha, na kuchomelea chuma nilijifunza kwa kumtazama mtu kupitia tundu la ua wa mabati. Leo ukipita mtaa wa Ziwani, Nairobi, ukaona dirisha la chuma lililonyooka, uliza nani alilitengeneza. Nilikuwa na karakana yangu, mafundi wanne, na mke aliyesoma kuliko mimi na hakunidharau, isipokuwa siku za hesabu.

Na juu ya hayo yote, nilikuwa mpiga gitaa. Sisemi mtu aliyekuwa na gitaa. Nasema mpiga gitaa. Miaka kumi na tano nilipiga bluzi na roki katika bendi ya watu watano. Tulivaa suruali pana chini kama kengele na nywele tukazifuga mpaka mapolisi wakawa wanatusimamisha. Nilipiga gitaa nyuma ya shingo. Nilipiga kwa meno. Nilikuwa navuta waya mmoja mpaka unalia kama mtoto aliyenyimwa titi, na wasichana wa mitaa yote ya Eastlands walikuwa wakishika mashavu. Wakikwambia ulikuwa uongo, hao walikuwa bado hawajazaliwa.

Basi Jumamosi moja, mchana, nilikuwa Soko la Burma nimekaa mbele ya mbavu za mbuzi. Mwenye bucha alikuwa na redio juu ya rafu, karibu na kachumbari. Ikaanza kulia santuri ya zamani, nyimbo za kule Kuba, zile wazee walikuwa wakiziita chacha na rumba tulipokuwa watoto. Nilikuwa nimezisikia mara elfu bila kuzisikiliza. Siku ile nilisikiliza. Kulikuwa na mpiga gitaa mle ndani ambaye hakuwa na haraka yoyote. Anapiga kidogo, anaacha. Anapiga kidogo, anaacha. Na mwenye bucha, mtu mzito kama gunia la mahindi, alikuwa anakata nyama huku kiuno kinakwenda chenyewe.

Mimi miaka kumi na tano niliwafanya watu washike mashavu. Kiuno cha mwenye bucha sikuwahi kukisogeza.

Niliweka ubavu chini nikasema, hiki hata mimi naweza, tena nitakipiga kumshinda huyo wa redioni.

Wiki hiyo hiyo niliwaambia wenzangu wa bendi kwamba naenda peke yangu, kwa jina langu, kupiga muziki wa Kilatini. Mpiga ngoma wetu alicheka mpaka akakaa chini.

"Wewe?" akasema. "Wewe hata ukipewa jembe utalipigia bluzi."

Nilikwenda karakana nikajitengenezea kanyagio. Lilikuwa la chuma, lina springi, na ukilikanyaga kwa mguu wa kulia linagonga debe tupu. Kwa hiyo mikono gitaa, mguu ngoma, mdomo kuimba. Bendi nzima ilikuwa mtu mmoja, na mtu huyo hadai nauli.

Sasa, muziki ule kwa Nairobi ya wakati huo ulikuwa na wenyewe. Wenyewe walikuwa wazee wa mtaa wa Kaloleni, watu wa reli na wa baraza la mji waliostaafu, na mafundi wa makamo yao. Jumapili baada ya ibada walikusanyika katika ukumbi wa mtaa, wanaume kwa suti na wanawake kwa viatu vyeupe, wanacheza kwa santuri au kwa mpigaji mgeni mpaka saa kumi na mbili jioni, kisha kila mtu nyumbani. Vijana waliwacheka. Mimi pia niliwahi kuwacheka.

Ukumbi ule ulikuwa na desturi yake. Kwenye ukuta wa nyuma kulikuwa na safu ya misumari, na kila mzee alikuwa na msumari wake wa miaka na miaka. Akiingia, anavua koti analitundika, anacheza na shati. Muziki usipowapendeza hawapigi miluzi na hawapigi kelele, hao walikuwa watu wa heshima. Mzee anaenda tu taratibu kwenye msumari, anavaa koti lake, anakaa. Koti moja ni onyo. Makoti mawili, mpigaji abadilishe wimbo. Makoti matatu, funga gitaa uende kwenu. Nilikuwa naijua desturi hiyo kama kila mtu wa Eastlands, ila niliijua kama mtu anavyojua habari za ajali. Huwa zinawapata wengine.

Jumapili ya kwanza walinipa nusu saa. Nilipiga kwa nguvu zangu zote. Kila palipokuwa na nafasi niliijaza. Nilivuta nyaya, nilipanda juu nikashuka, na wimbo wa tatu nilifumba macho, kwa sababu bluzi hupigwa macho yakiwa yamefumbwa. Nilipoyafumbua makoti mawili yalikuwa yameshavaliwa. La tatu lilikuwa linavaliwa, mkono mmoja umeshaingia.

Koti hilo la tatu lilikuwa la baba mkwe wangu.

Yeye alikuwa Mkamba, mchonga vinyago, mtu wa maneno machache na nyundo ndogo. Miaka kumi na moja nilikuwa nimemwoa binti yake na hajawahi kunitaja kwa jina lolote ila "mpiga nyaya". Hakuwa na ubaya. Alivaa koti lake, akafunga vifungo vyote vitatu, akaniinamia kichwa kama mtu anayetoa pole ya msiba.

Nyumbani mke wangu alinipakulia chakula bila kusema kitu. Ukimya huo ulinimaliza kuliko makoti.

"Sema," nikamwambia.

"Niseme nini, baba watoto? Umeshaambiwa na makoti."

"Nitarudi. Wamekubali kunipa Jumapili nyingine moja, mwezi ujao. Alasiri nzima, peke yangu."

"Na wakivaa tena?"

Mimi nikiwa mtu wa kujiamini nikafungua mdomo kabla ya kufikiri. "Wakivaa tena, naacha gitaa. Kabisa. Nabaki na madirisha."

Alinitazama kuona kama natania. Kisha akasema, "Sawa. Basi likiachwa halitakaa humu ndani, maana nakujua. Nitalipeleka jikoni kwa mama. Huko huwezi kulifuata."

Hapo lazima nieleze, kwa asiye wa huko. Kwa Wakamba mtu na mama mkwe wake wana soni. Hawashikani mikono, hawatazamani usoni, hawakai chumba kimoja, wala hawali pamoja. Akija njia hii, wewe unapita ile. Si ugomvi, ni heshima, tena kubwa. Kwetu sisi Wakikuyu soni ipo pia, lakini mjini ilikuwa imechakaa kidogo. Kwa baba mkwe wangu haikuwa imechakaa hata uzi. Miaka kumi na moja nilimjua mama mkwe kwa sauti, kwa harufu ya vyakula vyake, na kwa mgongo mmoja niliowahi kuuona ukiingia ndani haraka. Kwa hiyo gitaa likienda jikoni kwake, litakuwa limezikwa.

Siku ya nne mke wangu akarudi kutoka Kaloleni na ujumbe. "Mama alikusikia Jumapili. Alikuwa kwenye chumba cha chai cha ukumbi na wanawake wa kanisa."

"Akasema?"

"Anasema unapiga kama mtu anayekimbia mvua."

Nilikasirika. Mama wa jikoni analijua gitaa? Mke wangu akaniacha nikasirike mpaka nikamaliza, kisha akaniambia jambo ambalo miaka kumi na moja hakuna mtu aliyenitajia. Yule mama alikuwa mchezaji. Alipokuja Nairobi akiwa bibi harusi, yeye na mumewe walikuwa ndio wafalme wa chacha katika ukumbi ule ule, mpaka watu wa Ziwani na Makadara walikuja kuwatazama miguu tu. Alipokuwa na watoto saba aliacha, akahamia chumba cha chai. Viatu vyake vyeupe bado vilikuwa chini ya kitanda, vimefungwa kwa gazeti.

"Anasema kama unataka kujifunza, uje Alhamisi," mke wangu akasema. "Ukae sebuleni. Yeye atakuwa jikoni."

Nikaenda. Ningefanya nini? Nilikaa sebuleni kwa watu, fundi mkubwa mwenye wafanyakazi wanne, nimeupa mgongo mlango wa jikoni, natazama kalenda ukutani. Baba mkwe alikaa katikati kama refa, anasugua kinyago cha twiga kwa msasa. Pazia la jikoni lilishushwa. Mke wangu alisimama hapo kwenye pazia, kwa sababu soni hairuhusu mama mkwe azungumze nami moja kwa moja. Kila mmoja alikuwa anamsikia mwenzake vizuri kabisa, lakini maneno lazima yapite kwa mtu.

"Mwambie apige," ikasema sauti ya jikoni.

"Anasema upige," akasema mke wangu.

Nikapiga.

"Mwambie aache."

"Anasema..."

"Nimesikia."

"Mwambie hajasikia. Muulize, yeye akishajaza wimbo wote hivyo, mtu acheze wapi?"

Hakuna aliyenitafsiria hilo. Baba mkwe aliacha kusugua twiga.

Ndipo nikasikia mbao. Mzee alikuwa akichonga vile vijiko vikubwa vya saladi ambavyo wazungu hununua, vyenye shingo ya twiga, na mama mkwe alichukua viwili akaanza kugonga kimoja kwa kingine. Ko, ko, ko. Kisha ko, ko. Tatu, halafu mbili. Tatu, halafu mbili. Ilikuwa rahisi mpaka inaudhi. Nikaingiza gitaa, nikagongana na vijiko palepale. Nikaingiza tena. Tena.

"Mwambie kila ko ni mlango," akasema mama. "Aingie mlangoni. Yeye anaingilia ukutani."

Alhamisi ya kwanza niliingilia ukutani saa mbili nzima. Ya pili pia, ila kidogo kidogo. Tatizo langu lilikuwa vidole. Vimezoea kazi. Ukivinyima kazi kwa nusu ya sekunde vinajitafutia. Nilikuwa narudi Ziwani jioni nikitembea kwa mguu, natembea tatu-mbili, na barabarani watu walidhani nina jiwe kwenye kiatu. Karakana mafundi wangu walianza kugonga nyundo tatu-mbili bila kujua. Dirisha moja lilitoka limepinda na sikulijali, jambo ambalo halikuwahi kutokea.

Alhamisi ya tatu, sijui wimbo wa ngapi, vijiko viligonga nami nikawa nimenyamaza pale pa kunyamaza. Halafu tena. Halafu tena. Kulikuwa na uwazi katikati ya wimbo kama uwanja uliofagiwa. Sikuujaza. Na kule nyuma ya pazia nikasikia kitu kingine chini ya vijiko, mlio mwepesi wa nyayo juu ya simiti. Mama alikuwa anacheza jikoni peke yake.

Baba mkwe alisikia pia. Aliweka twiga chini, akatazama pazia muda mrefu.

"Mpiga nyaya," akaniambia, "rudia huo."

Jumapili ikafika. Ukumbi ulijaa. Makoti yalikuwa msumarini yote, nimeyahesabu, thelathini na moja. Mke wangu alikaa mstari wa mbele, na kando ya miguu yake alikuwa ameweka kipande cha kitambaa cha kufungia gitaa, safari ya jikoni. Hakunificha. Chumba cha chai kilikuwa upande wa kushoto, kina dirisha la kupitishia vikombe, na nilijua nani yuko nyuma ya ukuta ule.

Nilianza na chacha. Mguu ukagonga debe, gitaa likaingia mlangoni, na wazee wakasimama wawili wawili. Wimbo wa pili watu wakaongezeka. Wa tatu nikaona mzee mmoja wa reli, mwenye fimbo, ameiegemeza fimbo ukutani. Nikaanza kujisifu moyoni, na hapo ndipo kanyagio likavunjika.

Lilivunjika kwenye weldi. Weldi yangu mwenyewe. Miaka ishirini nimechomelea Eastlands nzima, mageti, vitanda, mpaka kengele ya kanisa, na hakuna weldi yangu iliyowahi kuachia mbele ya macho ya watu, ila hiyo. Springi iliruka ikapita chini ya viti. Debe likanyamaza.

Bila debe nikawa kama mtu aliyeondolewa ngazi. Vidole vikaogopa, na vidole vyangu vikiogopa hukimbilia roki. Nikasikia mwenyewe navuta waya. Nikajaza nafasi, nikajaza nyingine. Wachezaji wakapunguza miguu. Mzee wa fimbo akaichukua fimbo yake. Koti la kwanza likatoka msumarini. La pili. Nikamwona baba mkwe anakwenda nyuma, polepole, akaweka mkono kwenye koti lake la kahawia. Mke wangu akainama akashika kile kitambaa.

Ko, ko, ko.

Ilitoka kwenye dirisha la vikombe. Ko, ko. Tatu, halafu mbili, kavu, ya uhakika, kama mtu anayebisha hodi nyumbani kwake. Sikuhitaji kutazama. Niliondoa vidole vyote kwenye nyaya, nikahesabu mlango mmoja, nikaingia wa pili.

Baba mkwe aliondoa mkono kwenye koti. Akageuka. Uso wake ulikuwa unatazama lile dirisha, si mimi. Yale makoti mawili yaliyovaliwa yakavuliwa, na hilo, nawaambia, wazee wanasema halikuwahi kutokea Kaloleni, koti kurudi msumarini. Tangu hapo kiti hakikukaliwa. Walicheza wajukuu na mabibi zao, walicheza wale wa chumba cha chai na aproni zao, na nje ya madirisha watu waliokuwa wakitoka Burma na nyama zao kwenye magazeti walicheza na nyama zao. Mpiga ngoma wetu wa bendi alikuwa mlangoni, amekuja kunicheka. Nilimwona kiuno chake kinakwenda chenyewe. Sikumsamehe, lakini nilimwona.

Saa kumi na mbili kasorobo, wimbo wa mwisho, watu wote walikuwa wameshaushika ule mdundo kwa makofi. Ukumbi mzima unapiga tatu-mbili. Muziki haukunihitaji tena. Niliweka gitaa chini, nikaingia chumba cha chai kati ya masufuria, na nilikuwa nina furaha kiasi kwamba nilimshika mama mkwe wangu mkono nikamtoa nje mpaka katikati ya ukumbi.

Makofi yalikatika.

Hata mimi nilishtuka. Nilikuwa nimemshika mkono mbele ya watu mia, namtazama usoni kwa mara ya kwanza katika miaka kumi na moja. Alikuwa mfupi kuliko sauti yake. Alikuwa na macho ya mke wangu. Miguuni alikuwa amevaa viatu vyeupe. Sikujua niachie au nishike, basi nikasimama tu kama nguzo ya stima.

Hapakuwa na mtu wa kupitishia maneno. Akasema mwenyewe, moja kwa moja, "Ukishanishika, cheza. Aibu ya kusimama ni kubwa zaidi."

Tukacheza. Hakuna aliyepiga makofi mpaka baba mkwe alipoanza, peke yake, tatu-mbili, na mikono yake ile mikubwa ya kuchonga. Ndipo ukumbi ukamfuata. Sijui kucheza chacha. Siku ile nilijua. Yeye aliniongoza kwa kidole kimoja tu, na vijiko vya twiga alikuwa bado amevishika mkono wa pili.

Mwisho baba mkwe akaja kwangu na koti lake begani. Nikangoja.

"Mkwe," akasema. Hakusema mpiga nyaya. "Umepiga vizuri. Jumamosi nitakuja Ziwani na wazee wawili tuzungumze habari ya mkono."

"Ndiyo, baba."

"Na usinunue mbuzi mwembamba. Huyo mama si wa mbuzi mwembamba."

Walikuja. Walikula, walinisomea kosa langu mstari kwa mstari kwa sauti nzito, na mmoja wao alikuwa akigonga meza kwa vidole, tatu-mbili, bila kujijua. Faini ya kuvunja soni ilitajwa nami sikubishana, kwa sababu ikishalipwa soni inaisha na mtu anakuwa mtoto wa nyumbani. Jumapili iliyofuata gitaa lilikwenda jikoni kwa mama mkwe kweli, kama mke wangu alivyokuwa ameapa, ila nililibeba mimi, nikakaa nalo kando ya jiko, nikala ugali na yeye kwenye meza moja.

Ukijumlisha mbuzi mnene, mkokoteni wa kumfikisha, blanketi, leso na sukari kilo nne, mkono ule ulinigharimu shilingi mia nne ishirini na moja na senti hamsini.